Baraka Yenye Chumvi

Kwa Aziza wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Musonoi kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili na usikilize habari za magoti yake yote mawili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimeondoka sokoni mapema, nimemwambia jirani yetu Mama Kapinga kwamba kichwa kinaniuma, Mungu anisamehe, na nimekaa mezani na kalamu yako ya shule. Kesho asubuhi unapanda treni ya Lubumbashi kwenda kuanza kazi. Ukiwa mbele yangu nitazungumza habari za sanduku na chakula cha njiani, kwa sababu mdomo wangu ukizidiwa hukimbilia chakula. Labda karatasi itanivumilia zaidi.

Sitakuandikia ya kufunga mlango, wala ya kuosha mboga, wala ya wanaume wanaouliza saa huku wamevaa saa. Hayo mtaa mzima umekwisha kukuambia, na wewe umeitikia ndiyo, ndiyo, kwa ile sauti yako ya mtu aliyekwisha kutoka mlangoni. Nataka kukuandikia habari ya lori. Usicheke. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwepo upande wako, mimi nilikuwa upande wangu, na upande wangu sijawahi kukusimulia.

Unakumbuka jinsi mafuta ya injini yalivyokuwa adimu mwaka ule. Sukari ilipotea ikarudi, unga ukapotea ukarudi, mafuta ya injini yalipopotea yalisahau njia. Mjomba wako Ramazani alikuwa akizunguka Kolwezi nzima na bidoni tupu ya mafuta mkononi, anasalimia watu asiowapenda. Na lori aliloliacha baba yako lilikuwa limezeeka, linakunywa mafuta kama mgeni asiyelipa. Kila safari ya Dilolo lilirudi na kiu. Mjomba wako alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakiangalia, akaniangalia mimi, nami nikaangalia pembeni. Lori hilo ndilo lililokuwa likitulisha. Ndilo lililokusomesha pia, ingawa halikuwahi kukusumbua na jambo hilo.

Basi siku moja Ramazani akaingia uani anacheka peke yake. Ananiita yaya, dada mkubwa, tangu utotoni, hata akiwa na hasira, lakini siku hiyo alilivuta neno kama anaimba.

"Yaaaya! Kamyo imeacha kunywa mafuta! Mi naangalia kijiti, iko palepale. Tangu Mutshatsha mpaka hapa, hata kidogo haikupunguka!"

Safari iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata tena. Nilikwenda mwenyewe kuangalia kijiti, nikakipangusa kwa pindo la kitenge changu, nikakirudisha, nikakitoa tena. Mafuta yalikuwa pale kwenye alama yake, meusi, yametulia. Machozi yakanitoka, Aziza. Nikasema hii ni baraka ya marehemu. Lori la mjane limehurumiwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pa kucheka. Mimi ni nani sokoni? Mimi ni Mama Aziza wa mawese. Nimeuza mawese tangu unanyonya. Mtu akiniletea bidoni iliyotiwa maji, naijua kabla hajaiteremsha begani. Nimewafukuza wachuuzi, nimewatukana hadharani, nimewaambia mafuta yasiyopungua yameongezwa. Na Ramazani aliniambia kwa mdomo wake kwamba kila asubuhi anajaza maji kwenye rejeta. Nikajibu, lori gani la Kolwezi halinywi maji wakati wa kiangazi? Maji yanapungua, mafuta hayapungui, na mimi, mjanja wa soko zima, sikuuliza maji yanakwenda wapi. Nilipenda jibu kabla ya swali. Ndiyo sababu nikaalika watu.

Ilikuwa shukrani nzuri lakini, hilo tukubaliane. Kuku tuliwachinja, wali ukaiva, sheikh akaja na watu wake, wakasoma dua tukaitikia. Mama Kapinga, Mkatoliki wa watu, alikaa mbele kabisa akaitikia "Amina!" kwa sauti iliyowashtua hata Waislamu. Alikuwa na sababu. Kesho yake lori lilikuwa linakwenda Dilolo, na yeye na ndugu zake walikuwa abiria, juu ya magunia, kwenda kwenye ndoa ya mtoto wa dada yake.

Wewe ulichelewa. Ulikuwa unamaliza staji yako, yale mafunzo ya kazi, kwenye maabara ya karakana kule mgodini, mkipima mafuta ya yale magari makubwa yanayobeba mawe. Nilijua unachukua vichupa vya mafuta ya lori letu kila Ramazani aliporudi safarini. Nilidhani ni mazoezi, kama mtoto anayejifunza kusuka nywele kwa kumsuka mwanasesere. Uliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na viatu vya kazi, ukaninong'oneza sikioni nikiwa na sufuria mikononi.

"Mama, ile baraka yenu iko na munyu."

"Munyu gani? Kamata sahani. Bantu beko na njala."

"Mama, sikiya kwanza. Maji ya radiateri inaingia mu mafuta. Motere ikipata moto, maji mingi inakauka, inaenda. Munyu ya ile dawa ya kutu inabakia. Njo ile mashine inaona."

Nilielewa baadaye, uliponieleza kwa utulivu: kwamba maji yanayobaki ndiyo yanayoziba nafasi ya mafuta yaliyonywewa, kwamba Ramazani hutia dawa ya kuzuia kutu kwenye maji ya rejeta, kwamba dawa hiyo ina chumvi yake, na kwamba mashine yenu inachoma tone la mafuta na kusoma katika mwanga wake kila kilichomo. Ulinieleza kwamba kichupa cha kwanza kilikuwa na chumvi kidogo sana, cha pili zaidi, cha tatu zaidi tena. Mkubwa wako wa maabara alikuambia namba moja peke yake haisemi kitu, zikifuatana ndipo zinaposema. Ulikuwa umepima hata mafuta mapya ya kwenye pipa, usije ukayasingizia maji. Yote hayo ulikuwa umeyafanya, kimya kimya, na mimi nikakupa sahani za wali ukawapelekee wageni.

Ukazipeleka. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Hukuvunja shukrani yangu mbele ya watu. Ulingoja wageni watoke, ndipo ukamwendea mjomba wako uani, naye alikuwa ameshiba na amefurahi, hali mbaya kabisa ya kumpa mtu habari.

"We Aziza! Mi naendesha kamyo tangu haujazaliwa," alisema, akaenda mwenyewe kuchomoa kijiti, akakuletea puani. "Maji ikiingia, mafuta inakuwa sawa maziwa. Angalia! Iko maziwa? Hii njo kahawa!"

"Itakuwa maziwa, Yomba. Lakini siku ile, motere itakuwa imekufa."

"Unaniombea mabaya?"

Na mimi, mama yako, nikasema: Aziza, inatosha, muheshimu mjomba wako. Nikaenda kulala. Sikulala vizuri, lakini nilikwenda.

Nisimame kidogo hapa, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka uniangalie mimi badala ya kujiangalia wewe. Utakutana na wakubwa wa gereji huko Lubumbashi, wenye mikono minene na miaka mingi, watakaokujibu kama Ramazani, au watakunyamazisha kwa adabu kama mimi. Usidhani ni wabaya. Nikuambie tulikuwa tunaogopa nini. Tulikuwa tunaogopa kulisimamisha lori lenye mzigo na abiria. Tulikuwa tunaogopa kuifungua injini na kukuta hakuna kitu, halafu mtaa mzima ucheke. Na mimi hasa nilikuwa naogopa kunyang'anywa ile furaha, maana ilikuwa imepita muda mrefu tangu kitu chochote katika nyumba hii kiache kupungua. Anayekuja na habari mapema anawakuta watu katikati ya furaha yao. Uliza kwanza wanafurahia nini, kisha sema.

Watakuuliza, kimevunjika nini? Utajibu, bado. Neno hilo "bado" ni bidhaa ngumu. Nimeuza mawese, samaki wakavu, vitenge vilivyofifia, nimeuza hata mwavuli wakati wa kiangazi, lakini "bado" sijawahi kumuuzia mtu.

Asubuhi ile sasa. Magunia yamepangwa, turubai limefungwa, ndugu za Mama Kapinga wamekwisha kupanda na vikapu vyao na jogoo mmoja. Ramazani anaunguruma pamoja na injini. Nami nikakuona unatoka nyumbani na begi lako dogo, unapanda tairi, unashika kamba, unakaa juu ya magunia kati ya jogoo na Mama Kapinga.

"Aziza, unaenda wapi?"

"Dilolo."

"Na staji?"

"Kamyo ikifia mu pori, batahitaji muntu wa kubaeleza sababu."

Watu walicheka. Mjomba wako alicheka kuliko wote. Mimi nilitaka kucheka, ndipo nikaona ulichoshika. Ulikuwa umeshika lile kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye kifuniko.

Wao hawakulijua kopo lile. Mimi nalijua. Tangu mtoto, wewe na lori ni maadui. Tulikuwa hatujafika barabara ya Mutoshi, umekwisha kutapika. Baba yako alikuwa anasema mtoto wa msafirishaji anayetapika kwenye lori ni kama mtoto wa mvuvi anayeogopa samaki. Hujawahi kupanda lori kwa hiari yako hata siku moja. Na leo umekaa juu ya magunia, umebeba kopo lako la kutapikia, safari ya Dilolo nzima, barabara ile yenye mashimo yanayoweza kumeza ng'ombe. Uso wako ulikuwa umekwisha kuwa wa kijani na lori halijatiwa hata gea.

Nikasema: "Shukeni bote."

"Yaya!" Ramazani akatoa kichwa dirishani.

"Zima. Shukeni bote. Na jogoo pia."

Ah, Mama Kapinga siku ile! "Ndoa ya mutoto wa dada yangu! Bananingojea na mbuzi!" Alishuka akiita watakatifu mmoja mmoja, na kila mmoja alimshitakia mimi. Ramazani naye, kwa hasira, akasema sawa, tutafungua, na tutafungua mbele ya watu wote, mutoto aone haya. Wakamwaga mafuta, wakafungua lile sinia la chini ya injini. Wakaangalia kwa tochi. Hakuna kitu. Chuma tupu, kizuri, kinang'aa. Nakumbuka Ramazani alivyojifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, akikungoja useme samahani.

Hukusema samahani. Hukusema habari za namba pia, na hapo ndipo nilipoona umekuwa mtu mzima. Ulimwomba kipande cha katoni. Ukasema, Yomba, tujaze radiateri mpaka juu, tuweke katoni chini, tungoje mpaka kesho. Kama katoni itabakia kavu, mi nitaomba radhi mbele ya huyu jogoo. Hata mjomba wako akashindwa kujizuia, akatabasamu, akaenda kuchukua katoni.

Kulipokucha nilisikia mtu anagonga dirisha langu. Ni mjomba wako, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Yaya, njoo uone." Nikatoka na kitenge tu. Kwenye katoni kulikuwa na madoa ya maji, na juu yake, chini ya silinda ya tatu, tone moja linaning'inia. Tukalitazama sote wawili tumechuchumaa. Likaanguka. Likaja jingine, bila haraka.

Zilikuwa zile pete za mpira zinazozuia maji chini ya silinda, zimechoka. Pete tu. Ramazani alizibadilisha, akakagua vyuma vyote, vilikuwa bado vizima. Fundi wa jirani alimwambia kwamba safari moja zaidi, mbili kwa bahati, vyuma vingekwanguana na injini ingekwisha hukohuko porini, na abiria wake na magunia yake. Injini nyingine tungeipata wapi, Zaïre hii ya kungojea? Ungekuwa leo unapima mawese na mimi sokoni, badala ya kushika barua ya kazi inayokuita "Citoyenne", mwananchi. Nikifikiria hilo hunijia hamu ya kulibusu lile kopo.

Mama Kapinga alifika ndoa ikiwa bado inaendelea, unajua ndoa za kwao, haziishi kwa kumkosa mama mdogo. Alirudi amenenepa na kunisamehe. Sheikh naye nilimwendea kwa haya, nikamuuliza, ile dua yetu itakuwaje, tuliomba juu ya maji. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Akasema, "Mama Aziza, shukrani haipotei. Mulishukuru mapema tu."

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini nilikuwa na furaha, na furaha yangu ina mdomo. Nilikwenda sokoni nikapiga ngoma. Kila aliyenunua mawese alipewa na hadithi ya binti yangu aliyemshinda dereva mzee. Siku moja nikaisimulia Ramazani akiwa nyuma yangu. Aligeuka akaenda zake. Jioni nikasikia anaulizia kazi ya udereva kwa mtu mmoja wa Fungurume. Ndugu yangu, Aziza! Aliyelala chini ya lori lile kwenye mvua kwa miaka yote ya ujane wangu. Nilikuwa nimeokoa injini, nikawa karibu kumpoteza dereva, na mashine yenu ya kuchoma mafuta isingenionyesha hilo.

Nani alirekebisha? Wewe, na sidhani ulijua unarekebisha. Ulimfuata na daftari ukamwambia, Yomba, nifundishe kusikiya motere, kule ku labo hatusikiye, tunaona namba tu. Akakaa na wewe jioni nzima, anakuwekea bisibisi sikioni, anakueleza sauti hii ni ya nini na ile ni ya nini. Habari ya Fungurume ikafa yenyewe. Sasa anawaambia madereva wote, usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba yeye ndiye aliyeziba, na sisi tumwache, maana ni kweli aliziba. Ukiwa na haki, mwanangu, usiitembeze mitaani. Iweke nyumbani, ipate kula wali na wenzake.

Naona jua limekwisha kupita ukuta wa jikoni. Utarudi muda si mrefu, umebeba mihogo ya bibi yako, na mimi bado sijaandika nililokaa hapa kuliandika.

Watu wanadhani siku ile nilizielewa namba zako. Wewe pia unadhani hivyo, nimekusikia ukimwambia rafiki yako, mama yangu alisoma majibu akasimamisha lori. Sikuyasoma, Aziza. Karatasi yako ilikuwa imefungiwa karanga za wageni usiku ule, niliikuta asubuhi ina mafuta kila mahali. Sikuamini chumvi, sikuamini mashine. Nilimwona mtoto wangu anayeogopa lori amepanda lori, nikasema, huyu hadanganyi. Nilikuamini wewe tu.

Hilo linanitia hofu leo, na ndiyo maana nimekuwa mkali tangu asubuhi, nikakugombeza kwa ajili ya soksi. Huko Lubumbashi hawakujui. Hawajui unatapika wapi na unanyamaza wakati gani. Wataona msichana mwenye kichupa, na itabidi waamini karatasi, na watu hawapendi kuamini karatasi. Utasema ukweli na gari litatoka getini vilevile. Siku nyingine injini itakufa kama ulivyosema, na hakuna atakayekumbuka ulisema. Hilo litakuuma kuliko matusi, na sina dawa yake ya kukufungia kwenye sanduku.

Nina hii tu. Endelea kusema, kila mara, kwa utulivu kama ulivyosema uani. Na siku utakapochoka kutoaminiwa, usiniandikie, barua zinachelewa. Panda treni. Njoo ukae siku mbili tatu, tukuamini, mimi na mjomba wako na Mama Kapinga na bibi yako mwenye magoti. Tutakuamini chochote, hata ukituambia jua linatua mashariki, huko Fungurume. Ukishiba kuaminiwa, tutakurudisha kituoni, uende ukafanye kazi yako.

Nakusikia mlangoni. Naificha barua hii kati ya nguo zako, na sasa nitakuuliza umekula nini.

Mama yako